Siku Utakapoacha Kulipa, Vitabu Vyako Vitakuwa Wapi?

Muuzaji wa programu za hesabu akiingia dukani kwako siku hizi hataji bei ya programu. Anataja bei ya mwezi. "Elfu sitini tu, bosi. Hata vocha unatumia zaidi ya hiyo." Maneno hayo yana nguvu kwa sababu mfanyabiashara wa kawaida, awe na duka la vifaa vya ujenzi Buguruni au famasi Mwanza, hana milioni moja na ushee ya kutoa kwa mkupuo kwa kitu asichoweza hata kukishika. Elfu sitini anayo. Anaitoa, anapewa neno la siri, na kuanzia hapo mauzo yake, madeni yake na stoo yake vinakaa kwenye kompyuta ya mtu mwingine, mara nyingi nje ya nchi.

Sisemi amekosea. Ninachosema ni kwamba ameuziwa kwa kigezo cha bei, na bei ndiyo sehemu nyepesi kuliko zote katika uamuzi huu.

Tufanye hesabu kwa mfano. Tuseme programu moja inauzwa kwa leseni ya kudumu kwa shilingi 1,200,000, na kuanzia mwaka wa pili muuzaji anatoza asilimia 20 ya bei hiyo kila mwaka, yaani 240,000, kwa ajili ya matengenezo na masasisho. Nyingine, inayofanya kazi ileile, inalipiwa 60,000 kwa mwezi. Mwisho wa mwaka wa pili wateja wote wawili watakuwa wametoa kiasi kilekile, 1,440,000. Mwisho wa mwaka wa tano aliyenunua ametoa 2,160,000 na anayelipa kwa mwezi ametoa 3,600,000. Wengi wakifika hapo hukata shauri kwamba kununua ni nafuu. Lakini aliyenunua anahitaji kompyuta ya kukaa ofisini kama seva, UPS ya kuilinda umeme unapokatika, diski ya nje ya kuwekea bakapu, na fundi wa kumwita mara kwa mara. Weka 1,500,000 kwa hayo yote ndani ya miaka mitano, jumla yake inafika 3,660,000. Kati ya wawili hao tofauti ya miaka mitano imebaki shilingi 60,000.

Namba zako zitakuwa nyingine. Programu nyingi za mwezi hutozwa kwa kichwa, kwa hiyo mwenye wahasibu watatu huenda akalipa mara tatu, na hapo kununua kunapata nguvu tena. Mwenye matawi manne katika miji minne atakuta gharama ya kuunganisha seva yake na matawi inameza faida yote ya leseni. Ndiyo maana naona swali la kwanza liwe jingine kabisa: siku nitakapoacha kulipa, kwa kupenda au kwa kushindwa, nitabaki na nini?

Vijana wa bodaboda Dar es Salaam wanaielewa tofauti hii kuliko washauri wengi wa biashara. Anayeendesha kwa hesabu anampelekea tajiri fedha kila siku, na pikipiki haitakuwa yake hata akiendesha miaka kumi. Anayeendesha kwa mkataba anapeleka fedha nyingi zaidi na anabanwa zaidi, lakini mkataba ukiisha kadi inaandikwa jina lake. Programu ya kulipia kwa mwezi ni kama pikipiki ya hesabu. Haina mwezi wa mwisho.

Sasa linganisha jambo hilo na sheria. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamtaka mlipakodi wa Tanzania atunze kumbukumbu zake kwa miaka mitano. Kenya nayo, katika sheria yake ya taratibu za kodi ya mwaka huohuo 2015, imeweka miaka mitano. Afisa wa TRA au KRA anaweza kukuuliza leo kuhusu ankara ya miaka mitatu iliyopita, na jibu kwamba ulihama programu halitakusaidia.

Kampuni inayokukodisha programu ina kalenda yake. Malipo ya Microsoft 365 ya biashara yakikoma, utaratibu wa kawaida ni huu: kwa siku 30 watu wanaendelea kuingia, kisha kwa siku 90 msimamizi peke yake anaweza kuingia na kuokoa data, kisha data inafutwa. Jumla siku 120. Humo ndimo zilimo barua pepe za oda, makubaliano ya bei na wasambazaji, majedwali ya mishahara. Sheria inadai miaka mitano na mkataba unatoa miezi minne. Katika pengo hilo mwenye duka yuko peke yake.

Programu za hesabu za mtandaoni hazifuti mara moja. Nyingi hufunga uandishi na kubakiza usomaji kwa muda. Ni ungwana wa kiasi fulani, lakini hebu tazama unavyofanya kazi dukani asubuhi. Mhasibu anawasha kompyuta saa mbili kasoro. Kadi ya benki iliyokuwa ikikatwa kila mwezi imekwisha muda wake wiki iliyopita na hakuna aliyeiona barua ya onyo. Orodha ya wadaiwa inafunguka, anaiona yote. Stoo anaiona. Kitufe cha kuandika ankara mpya kimefifia rangi ya kijivu, anakibonyeza hakijibu. Nje kuna fuso linasubiri mifuko 200 ya saruji na dereva ameshaanza kupiga honi. Anachukua kaunta buku, anaandika kwa mkono, anatoa risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, kwa sababu inajitegemea, na fuso linaondoka. Kufikia jioni ripoti ya Z ya mashine, yaani jumla ya mauzo ya siku, inasema kitu kimoja na programu inasema kingine, na saruji iliyoko stoo si ile iliyoko kwenye skrini. Kurekebisha siku moja kama hiyo huchukua siku kadhaa, na mara nyingi hairekebishwi kikamilifu. Hasara hiyo haimo kwenye zile elfu sitini.

Ukodishaji wa teknolojia si jambo la juzi. IBM ilikodisha mashine zake kwa miongo mingi na kukataa kuziuza, mpaka mwaka 1956 ilipokubaliana na serikali ya Marekani mbele ya mahakama kwamba mteja anayetaka kununua auziwe. Programu zenyewe zilikuja pamoja na mashine hadi Juni 1969, IBM ilipotangaza kuzitenganisha na kuzipangia bei zake. Zikafuata zama za maboksi na sidii zilizotuzoesha kwamba programu inanunuliwa. Kisha Mei 2013 Adobe ikatangaza kwamba CS6, kifurushi chake cha programu za ubunifu kilichotoka mwaka 2012, ndicho cha mwisho kuuzwa kwa leseni ya kudumu. Matoleo yote mapya yangelipiwa kwa mwezi. Mwaka huo mapato yake yalikuwa dola bilioni 4 na kidogo, pungufu ya mwaka uliotangulia. Kufikia 2023 yalikuwa yamevuka bilioni 19. Kampuni nyingine ziliona. Autodesk, yenye AutoCAD inayotumiwa na wasanifu majengo wetu, iliacha kuuza leseni mpya za kudumu mwaka 2016. Broadcom, baada ya kukamilisha ununuzi wa VMware, kampuni ya programu za seva, Novemba 2023, iliacha kuuza leseni za kudumu mwezi uliofuata, na wateja wakubwa waliokuwa wamejenga vyumba vyao vya seva juu ya bidhaa hiyo wakalazimika kupanga bajeti upya.

Kwa upande wa muuzaji mantiki iko wazi, wala si ya hila. Zamani alikuwa anapata fedha nyingi anapotoa toleo jipya, kisha anasubiri miaka miwili. Sasa anapata kila mwezi na anajua mwezi ujao atapata ngapi. Anaweza kuajiri, kurekebisha dosari mapema, kukaa na mteja. Faida hizo zinamfikia mteja pia, hilo lazima tulikubali. Gharama yake ni kwamba mizani ya nguvu imehama. Mteja wa leseni ya kudumu asiyependa toleo jipya aliweza kukaa na la zamani mpaka ashawishike. Mteja wa mwezi hana pa kukaa.

Mwaka 2019 wateja wa Adobe nchini Venezuela waliliona hilo kwa macho yao. Oktoba mwaka huo walitangaziwa kwamba akaunti zao zote zitafungwa kutokana na amri ya vikwazo ya rais wa Marekani, wakapewa wiki tatu hivi za kupakua kazi zao. Mwishoni mwa mwezi huohuo Adobe ilipata kibali cha serikali na huduma ikarudi. Hakuna mbunifu hata mmoja kati ya hao aliyekuwa amekosea kitu. Na mwaka 2023 Intuit ilifunga huduma zake za QuickBooks nchini India, soko la watu zaidi ya bilioni moja, na wafanyabiashara wakatakiwa kuhamisha vitabu vyao kwingine. Kama soko kubwa kiasi hicho liliachwa, mwenye duka wa Arusha ana haki ya kumuuliza muuzaji wake: mkiondoka hapa, mtanipa nini, na kwa muda gani?

Kuna mambo mawili mengine ambayo kwetu yana uzito kuliko kwa Mmarekani. La kwanza ni dola. Januari 2022 dola moja ilikuwa kama shilingi 113 za Kenya. Januari 2024 ilifika 160. Programu ya dola 50 kwa mwezi ilitoka 5,650 ikawa 8,000 bila muuzaji kubadilisha hata senti, na bila biashara kuuza hata kilo moja ya ziada. Shilingi ya Kenya ilipata nguvu tena mwaka huohuo, lakini aliyekuwa analipa Januari alilipa ya Januari. Juu ya hapo muuzaji mwenyewe hupandisha: Machi 2022 Microsoft iliongeza bei za vifurushi vya biashara, na kile kidogo kikatoka dola 5 hadi 6 kwa mtumiaji, ongezeko la asilimia 20. Aliyenunua kwa shilingi mwaka juzi, bei yake imebaki ya mwaka juzi.

La pili ni waya. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika karibu na Afrika Kusini, na intaneti ikayumba Tanzania, Kenya, Uganda na kwingineko Afrika Mashariki. Mwenye programu ndani ya kompyuta yake aliandika ankara siku hiyo kama siku nyingine. Mwenye programu inayofunguka kwa kivinjari peke yake alitazama duara likizunguka. Zipo programu za mwezi zinazofungwa kwenye kompyuta na kuhitaji mtandao mara moja tu ndani ya siku 30 ili kuthibitisha malipo. Tofauti hiyo ni kubwa, na muuzaji haitaji mpaka aulizwe.

Hata hivyo, mtu asisome haya akadhani kununua ni kumiliki. Unachonunua ni leseni, yaani ruhusa, na ruhusa ina masharti. Ulaya ilibidi kesi ifike hadi Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ndipo Julai 2012, katika shauri kati ya UsedSoft na Oracle, iamuliwe kwamba mwenye leseni ya kudumu anaweza kuiuza kwa mtu mwingine. Programu iliyonunuliwa inaweza pia kufa ikiwa mikononi mwako. Nyingi huthibitishwa kwa seva ya kampuni wakati wa kuifunga kwenye kompyuta. Adobe ilipozima seva za kuthibitisha CS2 ya mwaka 2005, ililazimika kutoa nakala maalumu zisizohitaji uthibitisho ili walionunua wasiachwe. Walifanya vizuri, si kila kampuni itafanya hivyo, na kampuni ndogo iliyokwisha kufungwa haiwezi hata ikitaka.

Muda nao unaila programu iliyonunuliwa. Oktoba 14, 2025 Microsoft ilikoma kuzihudumia Windows 10, Office 2016 na Office 2019 kwa utaratibu wa kawaida. Zinawaka, zinaandika, zinaprinti, ila kirusi kikipata mwanya mpya hakuna wa kuuziba. Ofisi ngapi za uchapishaji Kariakoo na River Road zinaendesha programu za miaka kumi iliyopita? Ukipita tu unaziona kwenye skrini. Na nyingine hazikununuliwa kabisa, zimekrekiwa na fundi wa mtaani kwa bei ya chakula cha mchana. Mwenye ofisi anadhani amepata programu ya bure, wakati ameweka kazi za wateja wake na hesabu zake juu ya faili ambalo hakuna anayejua nani aliligusa na aliweka nini ndani.

Kisha kuna kodi, na hapa ndipo hoja ya kulipia kwa mwezi inaposimama imara. Kenya ilishusha VAT kutoka asilimia 16 hadi 14 tarehe 1 Aprili 2020, ikairudisha 16 tarehe 1 Januari 2021. Kuanzia Januari 2024 gharama isiyo na ankara ya eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, haikubaliki kupunguza kodi ya mapato. Uganda imekuwa na mfumo kama huo, EFRIS, tangu 2021, Rwanda ina mashine zake za EBM, Tanzania ilianza na EFD mwaka 2010 na sasa risiti za mtandaoni zinazidi kuenea. Kila badiliko linadai programu iguswe. Anayelipa kwa mwezi anaamka akute imekwisha kuguswa. Aliyenunua na kukata ada ya matengenezo ili kubana matumizi anabaki na programu inayokokotoa kodi ya jana, na faini ya kodi ya jana inalipwa leo.

Kwa hiyo naligawa jambo hili hivi. Barua pepe, kinga dhidi ya virusi na kiunganishi cha ankara za kodi vilipiwe kwa mwezi bila kinyongo, kwani vitu hivyo visiposasishwa kila mara havifai. Daftari kuu la hesabu na stoo ya duka lililo mahali pamoja, lenye kompyuta moja hadi tatu, naona bado ni bora linunuliwe. Programu za aina hiyo zipo sokoni. Tally, inayotoka India na kutumika katika maduka mengi ya Afrika Mashariki, huuzwa kwa leseni ya kudumu na pia kwa kukodi, na masasisho ya leseni ya kudumu hulipiwa upya baada ya mwaka wa kwanza. Mwenye matawi, mwenye mawakala wanaouza wakiwa barabarani, au mwenye mhasibu wa nje anayehitaji kuona vitabu akiwa mji mwingine, alipie kwa mwezi. Seva ya ofisini itamsumbua kuliko faida atakayoipata.

Njia ya tatu, ya mfumo usionunuliwa wala kukodiwa, haizungumzwi vya kutosha. Serikali ya Tanzania ilikuwa ikiendesha malipo yake kwa mfumo wa Epicor kutoka nje, kisha mwaka wa fedha 2019/20 ikaanza kuhamia MUSE, mfumo uliojengwa na wataalamu wa ndani. Mwenye duka hawezi kujenga mfumo wake, lakini anaweza kuchukua programu huria kama ERPNext kwa hesabu na stoo, au LibreOffice kwa barua na majedwali. Leseni hailipiwi, na hakuna kampuni inayoweza kuifunga kutoka mbali. Anayelipwa ni fundi wa kuifunga na kuitunza, na wapo Dar na Nairobi wanaoijua kazi hiyo. Fedha inabaki mjini. Sharti lake ni gumu: fundi awe zaidi ya mmoja, maana ukiwa na fundi mmoja tu anayejua mfumo wako, umetoka mikononi mwa kampuni ukaingia mikononi mwake.

Uamuzi wowote utakaouchukua, kabla hujalipa mwambie muuzaji akae kwenye kiti, afungue duka la mfano lenye data kidogo, akutolee mbele yako vitu vitano: orodha ya wateja na madeni yao, orodha ya wasambazaji, stoo yenye idadi na bei, daftari kuu la mwaka mzima, na nakala za ankara. Vitoke kama faili za Excel na PDF, vihamie kwenye flashi yako, uvifungue kwenye kompyuta isiyo na programu ile. Muuzaji mzuri atafanya kwa dakika chache. Akisema huduma hiyo inaombwa makao makuu, au ankara hutoka moja moja tu, umeshajua jambo ambalo lisingeandikwa kwenye kipeperushi chochote. Kisha kazi hiyohiyo ifanyike kila mwisho wa mwezi, na diski ya bakapu isikae droo moja na kompyuta, maana mwizi huchukua vyote na maji ya mafuriko hayachagui.

Angalia pia akaunti imefunguliwa kwa jina la nani. Ni kawaida kukuta mfumo mzima wa kampuni umesajiliwa kwa barua pepe binafsi ya kijana wa kompyuta aliyeondoka, na unalipiwa kwa kadi ya bosi ambayo namba yake hakuna anayeikumbuka. Onyo la malipo linakwenda kwa mtu asiyehusika tena. Msimamizi mkuu wa akaunti awe anwani ya kampuni, watu wawili wawe na neno la siri, na tarehe ya malipo iandikwe kwenye kalenda ya ukutani ya mhasibu, pamoja na tarehe kadi inapokwisha muda.

Na katika mkataba, ama wa kununua ama wa mwezi, kiwepo kifungu kinachotaja kwa tarakimu ni siku ngapi utapewa kutoa data yako baada ya huduma kukoma, kwa gharama ya nani, na kwa muundo gani wa faili. Siku 30 ni chache kwa duka lenye miaka sita ya ankara. Omba 180. Mwezi wa kwanza, kabla ya kulipa, utasikilizwa.